Nina mwaka wa tatu Dodoma, sina kanisa. Nipeni sababu ya kulitafuta, ila msiniambie "nani atakuzika"

#1 Mhamiaji_Mtumba

Wakuu, habari za jioni.

Nimehamia Dodoma kikazi, huu mwaka wa tatu. Ofisi iko Mtumba, nimepanga chumba na sebule Nzuguni, mke na watoto wamebaki Dar kwa ajili ya shule. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, mtu wa Njombe. Nimebatizwa, nina kipaimara, nimefunga ndoa kanisani. Kwa baba yangu kukosa ibada kulikuwa sawa na kuumwa: usipoonekana Jumapili, jioni mtu anabisha hodi kuuliza unasumbuliwa na nini.

Hapa sijajiandikisha popote. Jumapili naamka saa tatu, nachemsha chai, naegemeza simu kwenye chupa ya chai, nasikiliza mahubiri. Nasikiliza kweli, daftari la tatu hili naandika. Sadaka natuma kwa simu. Kuna mjane jirani, namnunulia unga mwezi ukiisha. Nasali asubuhi na usiku. Kwa kweli Biblia naisoma sasa kuliko nilipokuwa kwaya ya vijana, ambako tulijua kupanga sare za pasaka kuliko kufungua kitabu cha Warumi.

Juzi mzee mmoja ofisini akaniuliza nasali wapi. Nikasema nyumbani. Akacheka: "Ukifa utazikwa na simu?"

Tangu siku hiyo kila ninayemuuliza kanisa la mahali lina kazi gani kwa Mkristo anayejisomea na kusali mwenyewe, anakimbilia makaburini. Kama kazi ni kuzikana, chama hicho tunacho ofisini na makato yanapita kila mwezi kwenye mshahara.

Kwa hiyo naomba sababu. Sharti ni moja tu: mazishi marufuku.

#2 KijanaWaUdom

Waebrania 10:25. Uzi ufungwe.

#3 Mhamiaji_Mtumba

Mkuu, huo nilikaririshwa Shule ya Jumapili kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Unasema tusiache kukusanyika. Hausemi wapi, na akina nani, wala hausemi lazima niwe na namba ya bahasha ya sadaka. Na Bwana mwenyewe kasema walipo wawili watatu yupo. Mimi na mke wangu tunasali kwa simu kila usiku, tayari ni wawili.

#4 MzeeWaZamu

Mleta mada, salaam. Mimi ni mzee wa kanisa huku Kizota, mwaka wa kumi na moja. Kaburi sitakupa.

Huo mstari wa wawili watatu, Mathayo 18:20, watu wanauhamisha nyumbani kwake. Rudi nyuma uanzie 15. Ndugu yako akikukosea, mwendee, wewe na yeye tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asipowasikia hao, liambie kanisa. Ndipo wanakuja wale wawili watatu. Mazungumzo ni ya shauri la watu waliokoseana, wanaojuana kwa majina, ambao kesho watakutana tena kisimani watake wasitake.

Sasa nikuulize. Wewe ukimkosea mkeo, akakwambia ukakataa kusikia, akaleta mashahidi ukakataa, aende akaliambie kanisa gani? Aandike kwenye maoni chini ya video? Mhubiri mwenye wafuasi laki nne ataisoma lini "mume wangu kapata mwingine Nzuguni"?

(Sijasema unaye. Ni mfano.)

#5 Mhamiaji_Mtumba

Huo mfano umeutunga mwenyewe au mke wangu kakutuma?

Lakini nimekusikia. Hilo la kushtakiwa sikuwahi kulihesabu kama faida.

#6 Mtoro_wa_Bahasha

Mleta mada, kaa hapo hapo na chupa yako ya chai.

Nimekuwa mtunza hazina wa kanisa miaka sita, mahali sitaji. Tukachangisha bati za nyumba ya mchungaji. Bati zikaja pungufu. Nikauliza kwenye kikao, kwa adabu, na karatasi mkononi. Jumapili iliyofuata yakahubiriwa mahubiri ya Kora na wenzake waliomezwa na ardhi kwa kumwinukia Musa. Watu mia mbili wakageuza shingo kunitazama. Mwezi haukuisha nikavuliwa uhazina.

Ni miaka minne sasa. Katika miaka hiyo minne aliyebisha hodi kwangu kutoka kanisani ni kijana mmoja, kila Januari. Analeta bahasha mpya. Namba yangu ileile, 112.

Kwa hiyo mzee wa Kizota, hiyo "liambie kanisa" nimeijaribu. Ukiwa na shauri na kanisa lenyewe, unamwambia nani?

#7 Sabato_Njema

Kwetu tunaita kanisa mahalia. Na huwezi kuhama mji ukapotea kama sindano: kanisa ulilotoka linaandika, unalokwenda linapokea, washiriki wanapitisha kwa kura. Jina lako lazima liwe mahali. Na tunasali Jumamosi, barabara nyeupe, hata boda hakuna kugombania. Karibuni.

#8 KatekistaMstaafu

Wanangu, nimefuatilia kimya. Nimefundisha mafundisho ya ndoa na kipaimara miaka mingi, sehemu kubwa vigangoni, yaani makanisa madogo ya vijijini chini ya parokia, huku Ugogo.

Nianze na jambo dogo ambalo vijana wa mji mpya hamlioni. Matangazo ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa kufungwa, na sisi kanisani tunatangaza Jumapili tatu: fulani mwana wa fulani anataka kumwoa fulani binti wa fulani, mwenye pingamizi aseme. Kigangoni tangazo hilo lilikuwa na meno. Mama mmoja benchi la tatu angesimama na kusema, "Huyu ana mke Manyoni." Nimeshuhudia, na mwanamume akatokea mlango wa sakristia.

Leo nenda parokia yoyote ya mjini hapa. Mji umejaa wahamiaji tangu Serikali ianze kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Tangazo linasomwa mbele ya watu mia nane, hakuna hata mmoja anayemjua bwana harusi. Wote wanatazama saa. Maneno ni yaleyale lakini meno yameng'oka, kwa sababu tangazo halifanyi kazi penye watu wasiojuana. Ndiyo maana leo mzigo wote umehamia kwenye jumuiya ndogo ndogo: mwenyekiti wa jumuiya asipokutambua, karatasi yako haiendi mbele. Watu wananung'unika kuwa ni urasimu. Hawajui maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 wakazipa jumuiya kipaumbele, walitaka kanisa lishuke mpaka nyumba kumi, kumi na tano, ambako mtu anajulikana kwa jina na kwa tabia.

La pili, barua. Mleta mada, wewe una barua ya utambulisho toka Njombe? Msidhani ni mambo ya mihuri tu. Warumi sura ya 16 inaanza na barua kama hiyo: Paulo anamkabidhi Fibi, dada wa kanisa la Kenkrea, anawaomba wampokee na wamsaidie kwa lolote atakalohitaji. Halafu anashusha salamu, majina zaidi ya ishirini, Priska na Akila wakiwa na kanisa nyumbani mwao. Hakuna salamu hata moja kwa "wasikilizaji wetu popote mlipo."

#9 Bwana_Zabibu

Kha! "Wasikilizaji wetu popote mlipo." Katekista umeua.

Ila na mwizi wa msalabani je? Hakubatizwa, hakuwa na jumuiya, hakulipa ahadi, na jioni ileile yuko peponi.

#10 MzeeWaZamu

Yule hakuwa na Jumapili nyingine. Wewe unazo, na unazilalia.

#11 Mtoro_wa_Bahasha

Basi tuache mwizi, tuchukue mwenye afya yake. Towashi wa Kushi, Matendo 8. Kabatizwa njiani, Filipo akanyakuliwa, jamaa akaenda zake akifurahi. Hakuna usharika, hakuna mzee wa zamu, hakuna bati. AKIFURAHI. Mimi nikitoka kanisani nilikuwa natoka na deni.

#12 KijanaWaUdom

Mkuu Mtoro, kwanza pole kwa yaliyokupata, niseme kweli sikujua nianze wapi kukujibu.

Ila towashi ni shahidi wangu mimi. Filipo alimkuta anafanya nini? Anasoma Isaya peke yake garini, kwa sauti, kama mleta mada na daftari lake. Akaulizwa kama anaelewa. Jibu lake: nitawezaje, mtu asiponiongoza? Alikuwa na kitabu chote, alikosa mtu wa kukaa naye kiti kimoja.

Nimeongeza kitu kingine baada ya kufungiwa uzi wangu wa mstari mmoja, maana mlinidharau. Hizo nyaraka tunazosoma kwenye simu, nyingi hazikuandikiwa mtu mmoja sebuleni. Wakolosai 4:16 Paulo anaagiza waraka ukishasomwa kwao, usomwe na katika kanisa la Laodikia. Ulikuwa mkono kwa mkono, mmoja anasoma wengine wanasikia. Karne nyingi kabla ya mashine ya kuchapa Mkristo wa kawaida hakuwa na Biblia yake. Neno alilipata wapi? Kwenye kusanyiko. Kwa hiyo "mimi na Biblia yangu" ni mtindo wa juzi tu. Siusemi vibaya, lakini tusiseme ndio ulikuwa mwanzo.

Mathayo 18 kwa shauri lako la bati sina jibu. Ningekuwepo ningesimama. Nasema tu.

#13 Sista_wa_Zamu

Mimi muuguzi, Jumapili tatu kati ya nne niko wodini. Kwa kipimo cha wengi humu mimi mtoro kuliko mtoro mwenyewe.

Nitasema mawili, moja la kusifu moja la kuuma.

La kuuma kwanza. Nikiwa binti, kanisa moja ambalo silitaji, rafiki yangu alipata mimba akiwa kwaya. Akasimamishwa Meza ya Bwana, akahamishiwa benchi la nyuma, jina likasomwa. Kijana aliyempa mimba aliendelea kupiga kinanda. Kila mtu alijua. Kinanda kikalia mpaka mtoto akazaliwa, na kwenye ubatizo wa mtoto yuleyule akapiga tena! Kwa hiyo mkisema kanisa la mahali ni mahali pa kuonywa, sawa, lakini muulize pia nani anaonywa na nani anapigiwa makofi. Kujulikana kunauma pia. Simu haijawahi kumsomea mtu jina.

La kusifu. Nilipohamia Chang'ombe nikiwa na mtoto wa miezi saba na zamu za usiku, jumuiya inakutana Jumatano jioni nyumba ya nne toka kwangu. Nilienda mara mbili tu. Mara ya tatu sikwenda, mama mmoja akaja na uji. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimelala tu, nimetoka zamu. Akaona ratiba yangu ukutani, akaisoma kama anavyosoma liturjia, akasema, "Jumatatu na Alhamisi usiku mtoto analala kwangu." Hakuuliza. Miaka miwili. Mtoto alianza kumwita bibi kabla ya kuniita mama, nikalia kidogo.

Mleta mada, mjane unampelekea unga, Mungu akubariki. Lakini unga unampa wewe. Nani anakupa wewe? Naona kwenye maelezo yako hakuna hata mtu mmoja anayekupa kitu usichokichagua.

#14 Mhamiaji_Mtumba

Sista, hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara tatu na chai imepoa.

Ngoja nijitetee kidogo lakini. Kwenye simu mafundisho ni bora. Sitaki kusema uongo. Hapa jirani nimepita kanisa mbili tatu kwa nje, spika zinapasuka, mahubiri ni "mwambie jirani yako." Mimi simpendi jirani kuambiwa. Na uamsho wa kweli mara nyingi umetoka nje ya mifumo hii ya wazee na bahasha, au nakosea?

#15 MzeeWaZamu

Unakosea, na ushahidi uko hapa hapa mjini.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana unakijua. Kilifunguliwa mwaka 2007 kwenye majengo ya Sekondari ya Mazengo, na Mazengo zamani iliitwa Alliance. Pale Alliance alifundisha mwalimu mmoja Mganda, Festo Kivengere, ambaye baadaye akawa askofu wa Kigezi. Alikuwa mtu wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda na kuingia kwetu. Watu wa uamsho ule walikuwa wakali. Walitubu hadharani, walimwambia kasisi usoni kuwa hajaokoka, walirudisha mali walizoiba. Walikuwa na kila sababu ya kufungua makanisa yao. Kwa sehemu kubwa hawakuondoka. Walikutana katikati ya wiki kwenye ushirika wao, wanaungama, wanaimba, na Jumapili wanakaa benchi lilelile chini ya kasisi yuleyule waliyekuwa wanamwombea. Waliwasha moto jikoni, hawakwenda kuuwasha porini.

Spika kupasuka ni kweli. Kwetu ilipasuka Pasaka nzima.

#16 Mama_Uwele

Mbukwenyi.

Mimi ni mtu wa Mvumi, Mwanglikana, nauza nafaka Majengo. Sijasoma kama Katekista na Mzee. Mjukuu ndiye ananisomea uzi huu, na maneno yangu anayaandika yeye, kwa hiyo herufi zikikosewa ni zake.

Mwanangu wa Njombe, nitakueleza kwa ng'ombe, kwa sababu sisi huku mvua inanyesha ikipenda. Mwaka mwingine inaanza Desemba, mwaka mwingine unatazama wingu mpaka shingo inauma. Bibi yangu alizaliwa karibu na ile njaa ya Mtunya, ya 1917 mpaka 1920, alikuwa anaitaja jina kwa sauti ya chini kama mtu aliyelala chumba cha pili. Wazee wa Kigogo walijifunza. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu, kwa marafiki, wengine mwendo wa siku mbili. Wao wanachunga, wanakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wako. Ugonjwa ukipita kwako, zizi lako likibaki mavi makavu, unajua kuna ndama wako anakua kwa mtu mwingine. Na wewe zizini mwako una ng'ombe wa watu. Mgeni akihesabu ng'ombe kwako atakosea hesabu: walioko si wako wote, na walio wako hawako.

Imani nayo naijua hivyo. Mwaka 2009 nilifiwa na kijana wangu. (Sharti lako nalivunja, lakini sisemi habari ya maziko. Maziko yalikwenda vizuri, watu walikuja, hilo ofisi yenu nayo ingefanya.) Nasema habari ya miezi minane baada ya pale. Sikuweza kusali. Nikifungua kinywa, hakuna. Biblia ya Kigogo ya mama yangu ilikuwa mezani nikaona ni kitabu tu. Ningekuwa kama wewe, ng'ombe wote nimewaweka zizi moja, ningekuwa nimekwisha. Kanisani nilikwenda kwa sababu ya mazoea ya miguu. Nilikaa. Sikuimba. Waliokuwa kulia na kushoto kwangu waliimba, akina mama wakapiga ngoma ya muheme, wakasema Nasadiki, na mimi nimefunga mdomo. Walisema "nasadiki" na la kwangu ndani yake. Hawakuniuliza mbona huimbi. Mwezi wa tisa tangu msiba, wakati wa mavuno, tunatoa uwele na karanga mbele, nikashtuka nimeitikia. Sikuanza upya. Nilirudishiwa ng'ombe wangu.

Hiyo simu yako ina maneno mazuri, wajukuu wananiwekea. Lakini simu haikukuwekea ng'ombe wako, na wewe huna ng'ombe wa mtu. Uko na zizi lako moja, limenona. Mwaka huu limenona.

Na kuhusu spika na kasoro nyingine za kanisa. Wale Wakorintho walikuwa wanakula chakula cha Bwana wenye nacho wanatangulia, maskini wakija wanakuta sufuria tupu, mwingine amelewa. Paulo aliwakemea sana. Lakini hakuwaambia vunjeni kusanyiko, kila mtu akamegee mkate kwake. Aliwaambia mkutanikapo kula, mngojaneni. Mimi neno hilo nalipenda kuliko yote. Mngojaneni. Kwenye simu humngoji mtu, unasogeza mbele kwa kidole.

#17 Bwana_Zabibu

Mama, nilikuja humu kuchekesha. Naondoka polepole.

#18 Mtoro_wa_Bahasha

Mama Uwele, shikamoo. Nimekusoma. Na mimi nina ng'ombe wangu kwa watu, ndiyo. Shida ni kwamba hao watu waliwachinja.

#19 Mama_Uwele

Marahaba mwanangu. Ilitokea hata zamani, mtu akala ng'ombe wa mwenzie akasema kafa. Kulikuwa na baraza la kumdai. Wewe ulidai ukiwa peke yako na karatasi. Ungekuwa huamini kuwa kanisa lina kazi, usingekumbuka namba ya bahasha.

Huyo kijana anayeleta bahasha kila Januari, umewahi kumkaribisha akae?

#20 Mtoro_wa_Bahasha

Hapana. Nampokelea mlangoni.

#21 Sista_wa_Zamu

Na askofu, au ngazi iliyo juu ya mchungaji wako, ulimwandikia? Namuuliza Mtoro. Mambo ya hela yasiishie kwenye machozi. Kila dhehebu lina kikao cha juu na wakaguzi, na taarifa ya fedha ni haki ya msharika, si zawadi. Tusimpe pole halafu bati zikae kimya.

#22 Mtoro_wa_Bahasha

Sikuandika. Nilikasirika nikaondoka. Karatasi bado ninazo, kabatini.

#23 KatekistaMstaafu

Ziandikie barua, mwanangu. Nakala mbili. Na moja baki nayo.

#24 Mhamiaji_Mtumba

Wakuu, wiki tano zimepita, nimerudi na mrejesho.

Jumapili ya kwanza nilikwenda mtaa mmoja wa Walutheri (kanisa dogo chini ya usharika) huku huku Nzuguni, upande wa kwenda Ihumwa. Jengo halijaisha, madirisha ni matofali yaliyopangwa yakaachwa nafasi. Nilifika saa tatu kamili kwa ibada ya saa tatu. Nikakuta mbwa na mwinjilisti. Mwinjilisti akanipa ufagio. Sikuamini, mtu mzima, shati la kunyoosha. Nikafagia. (Mama Uwele, nilikuwa nawangoja, ndivyo nilivyojiambia.)

Mahubiri yalikuwa ya kawaida. Niseme tu, ya kawaida sana. Daftari nililibeba sikuandika kitu. Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka za mazao: mayai, kuku mmoja, mlenda mkavu kwenye mfuko, na zabibu. Nikanunua kuku kwa bei ya wivu kwa sababu bibi mmoja alikuwa ananipandishia makusudi, watu wakacheka mpaka mchungaji akafuta macho. Halafu yule bibi akaniuliza nitampikia nani, nikasema niko peke yangu. Akasema basi kuku aende kwake na mimi niende nyuma ya kuku.

Jumapili ya pili sikwenda, nilichoka na safari ya kazi. Jumatatu jioni mtu akabisha hodi kuuliza nasumbuliwa na nini. Nilisimama mlangoni nikashindwa kujibu vizuri. Mara ya mwisho kuulizwa hivyo nilikuwa na miaka kumi na saba.

Mahubiri ya simu bado nasikiliza, siku za kazi, kwenye basi la kwenda Mtumba. Sijaona sababu ya kuacha.

Sasa shida iliyobaki ni barua ya utambulisho. Usharika wa nyumbani wameiandika, katibu akaipiga picha akanitumia WhatsApp. Mzee wa hapa kaitazama, kasema anataka karatasi yenyewe yenye muhuri wa wino, bila hiyo jina haliingii kitabuni. Posta sina imani nayo sana. Kuna mtu anapanda toka upande wa Njombe au Makambako wiki hii?

#25 Sista_wa_Zamu

Niko likizo kwetu Iringa, narudi Ijumaa kwa njia ya Mtera. Mwambie katibu aipandishe basi la asubuhi, niipokee stendi Iringa. Njoo inboksi nikupe namba.

#26 KatekistaMstaafu

Fibi wa Mtera.

#27 Sista_wa_Zamu

Katekista acha. Mleta mada, iwekwe kwenye bahasha ya kaki, isikunjwe. Na huyo bibi wa kuku umwambie Jumamosi nitapita kuileta, kwa hiyo tutakuwa wawili.